Ongwen kapelekwa Hague, Kwoyelo kabaki Gulu: nani anaamua mhalifu wa kivita ashtakiwe wapi?

#1 Mzigo_Mutukula
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikwama Mutukula siku mbili nasubiri mzigo utoke forodhani. Kwenye kibanda cha chai nikakutana na dereva wa semi, Mwacholi wa Gulu. Soga zikaenda zikaenda, zikafika kwa Kony, bosi wa waasi wa LRA kule kaskazini mwa Uganda. Akanipa swali ambalo sijalipatia jibu hadi leo.

Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Thomas Kwoyelo naye alitekwa mtoto, miaka ileile ya mwishoni mwa themanini. Wote wakakulia porini, wote wakapanda cheo mpaka wakawa makamanda. Jeshi moja, bosi mmoja, makosa yanashabihiana: kuua raia, kuteka watoto, ubakaji, uporaji. Ongwen akapandishwa ndege kwenda Hague, Mei 2021 akapewa miaka 25. Kwoyelo akabaki Uganda, akasota rumande miaka 15, Oktoba 2024 Gulu wakampa miaka 40.

Dereva anasema Ongwen kapendelewa, kapata mahakama ya wazungu. Mimi nikambishia: aliyependelewa ni Kwoyelo, kahukumiwa nyumbani, kwa watu wanaoijua lugha yake, na ndugu wanaweza kwenda kumwona. Tukawekeana kreti ya soda.

Sasa nani hukaa akaamua kwamba huyu aende Ulaya, huyu abaki? Ni sheria au ni bahati ya mtu?

#2 Chakubanga Jr
Nakaa siti ya dirishani. Wajuvi waje.

#3 WakiliPori
Mleta uzi, swali zuri ila limekaa upande. Hakuna mtu aliyewaweka hao wawili mezani akasema huyu kulia, huyu kushoto.

Mahakama ya Hague (ICC) imeundwa na Mkataba wa Roma wa 1998, ikaanza kazi 1 Julai 2002. Kifungu cha kwanza kabisa kinasema kazi yake ni kukamilishana na mahakama za nchi. Maana yake mwenye shamba ni nchi. Hague ni jirani anayeingia pale mwenye shamba anapokuwa hataki kulima au jembe hana. Hayo mawili, kutotaka kwa dhati na kutoweza, yamo Kifungu cha 17. Nchi ikiwa inampeleleza au inamshtaki mtu yuleyule kwa mambo yaleyale, Hague inatakiwa ikae pembeni. Ikishamhukumu kweli, si kwa kiini macho, hawezi kushtakiwa tena.

Kwa Uganda, ni Museveni mwenyewe aliyepeleka suala la LRA Hague, Desemba 2003. Julai 2005 majaji wakatoa hati tano za kukamata: Kony, Vincent Otti, Okot Odhiambo, Raska Lukwiya na Ongwen. Kwoyelo hakuwemo. Ongwen alipojitokeza Afrika ya Kati Januari 2015, hati yake ilikuwa imeshamsubiri miaka tisa na ushee. Kwoyelo hakuna hati iliyomsubiri popote.

#4 Bibi Kizee Mjanja
Kwa hiyo jibu ni "jina lake halikuwemo". Umetuzungusha shamba zima na jembe lako kutuambia hilo 😂

#5 Nyakato wa Kansanga
Niko Kampala, kesi hii nimeifuatilia tangu mwanzo. Mnaruka jambo kubwa.

Kwoyelo alikamatwa na UPDF, jeshi la Uganda, Machi 2009 kule Garamba, Congo, akiwa na jeraha. Uganda ilikuwa na sheria ya msamaha ya mwaka 2000: ukitoka porini ukalaani uasi, unapewa cheti, unaenda nyumbani. Zaidi ya watu 26,000 walichukua cheti hicho, wengi wao wa LRA. Wamo wakubwa kuliko Kwoyelo, Kenneth Banya na Sam Kolo, waliokuwa mabrigedia. Kwoyelo akaomba chake, hakupewa. Kesi ikafunguliwa Gulu Julai 2011 kwenye ile Divisheni ya Makosa ya Kimataifa ya Mahakama Kuu. Mwaka uleule Mahakama ya Katiba ikasema anabaguliwa, apewe msamaha kama wenzake. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Juu ikapindua 2015: msamaha ule haugusi mtu aliyewafanyia raia ukatili wa aina hii.

Kwa hiyo hata Hague isingekuwepo, bado swali lingebaki: kwa nini yeye, na si Banya? Kule Kaskazini watu wanauliza hivyo mpaka leo.

#6 WakiliPori
Bi Nyakato, nimekuelewa, na nakubali. Ila hiyo Divisheni yenyewe imezaliwa na Hague. Mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali na LRA, 2007, LRA walikuwa wanataka hati zifutwe. Njia pekee ya kisheria ilikuwa Uganda ioneshe ina mahakama yake inayoweza. Ndipo 2008 ikaanzishwa. Kony hakusaini, mahakama ikabaki na mteja mmoja wa LRA.

#7 Saa Sita Kamili
WakiliPori umesahau kalenda. Hague haiwezi kugusa kitu cha kabla ya 1 Julai 2002. Mashtaka ya Ongwen ndiyo maana yanaanzia siku hiyohiyo. Mashtaka ya Kwoyelo yanarudi nyuma hadi miaka ya tisini, vijiji vya Kilak huko Amuru. Hata wangempeleka Hague, nusu ya mafaili yangebaki getini. Kwa hiyo nasema si siasa wala bahati, ni tarehe.

#8 Nyakato wa Kansanga
@Saa Sita Kamili, tarehe ni kweli, ila hata Uganda walihangaika nayo. Mambo ya miaka ya tisini hayakuwa na sheria ya ndani iliyoyataja hivyo, ikabidi waanze na sheria ya zamani ya Mikataba ya Geneva, halafu wakaongeza makosa ya kawaida na kanuni za kimataifa za mazoea. Mashtaka 78. Mwisho wa siku: ana hatia 44, hana hatia matatu, 31 yakatupwa.

#9 KijengeJuu
Mnaongea Hague, Hague, kama vile Arusha haikuwepo! Sisi ICTR, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kimbari ya Rwanda, ilikuwa mlangoni petu, pale jengo la AICC, tangu 1995 mpaka 2015. Watu 93 walishtakiwa. Hukumu ya Akayesu, 2 Septemba 1998, ndiyo ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kimbari, na ndiyo iliyosema ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kimbari. Hilo limetokea Arusha, si Ulaya.

Nilikuwa napeleka vitafunwa ofisi za jirani, muda ukiruhusu naingia kusikiliza bure. Unaonesha kitambulisho, unapewa spika za masikioni, unazungusha kitufe: Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza. Kiswahili hakuna, mahakama iko Arusha! Mnatenganishwa na kioo. Shahidi wa siri akiingia pazia linavutwa, unabaki unaangalia kitambaa huku sikioni mkalimani anatafsiri kilio kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Sijawahi kuisahau sauti ile.

Nayo ilikuwa inakamilishana na Rwanda vilevile, kama alivyosema WakiliPori.

#10 WakiliPori
Mzee wa Kijenge, hapo mwishoni umeteleza. Arusha haikukamilisha mtu, Arusha ilitangulia. Baraza la Usalama liliiunda kwa azimio namba 955 la Novemba 1994 na kuipa kipaumbele juu ya mahakama zote za nchi. Mfano Bagosora, kanali wa jeshi la zamani la Rwanda: kakamatwa Cameroon 1996, Ubelgiji wanamtaka, Arusha ikawaandikia Wabelgiji "tuachieni", wakaachia.

Hague ni kinyume chake. Watu wengi huchanganya hizi mbili na ndipo mabishano yanapoanzia.

#11 KijengeJuu
Sawa, nimeteleza, nimesimama. Lakini baadaye Arusha ilianza kurudisha kesi Rwanda, hilo utalikataa?

#12 WakiliPori
Silikatai, ndiyo sehemu tamu. Baraza la Usalama liliwaambia wamalize kazi wafunge, wakaanza kutafuta nchi za kuzipokea kesi. Mwaka 2007 mbili zikaenda Ufaransa. Rwanda ikaomba zake, ikafuta adhabu ya kifo mwaka huohuo wa 2007, maana majaji wasingempeleka mtu kwenye kitanzi. Bado 2008 wakakataliwa: wasiwasi wa usalama wa mashahidi wa utetezi, na utata wa kifungo cha maisha cha upweke. Wakarekebisha sheria tena. Juni 2011 majaji wakakubali kesi ya mchungaji Jean Uwinkindi, Aprili 2012 akashushwa Kigali, 2015 akahukumiwa maisha.

Wakati huohuo Gacaca, mabaraza kama 12,000 ya wananchi kukaa kwenye nyasi, yalishapitia kesi zinazokaribia milioni mbili mpaka yanafungwa Juni 2012. Weka hiyo pembeni ya 93 za Arusha halafu uniambie nani alibeba mzigo.

#13 Chakubanga Jr
Na wale walioachiwa huru Arusha wakakosa pa kwenda? Mbona hamuwasemi.

#14 KijengeJuu
Hao tuliishi nao mjini. Mahakama imesema hawana hatia au wamemaliza kifungo, Rwanda wanaogopa kurudi, Ulaya viza hakuna. Wakawekwa kwenye nyumba, miaka inapita. Desemba 2021 wanane wakapelekwa Niger kwa makubaliano, na kabla mwezi haujaisha Niger ikatoa amri waondoke. Umeshinda kesi, dunia nzima haina chumba chako.

#15 Mzee wa Kisutu
Vijana mmetaja mengi, mmesahau kisa kilichopita Dar es Salaam yetu hii. Meja Bernard Ntuyahaga.

Huyu alikuwa afisa wa jeshi la zamani la Rwanda, akihusishwa na vifo vya askari kumi wa Ubelgiji wa kulinda amani waliouawa Kigali 7 Aprili 1994. Juni 1998 akajisalimisha mwenyewe Arusha. Ubelgiji walimtaka kwa udi na uvumba, kwa hiyo Machi 1999 mwendesha mashtaka akaondoa shtaka ili Wabelgiji wamchukue. Majaji wakakubali liondolewe, lakini wakasema: sisi hatuna mamlaka ya kumkabidhi mtu kwa nchi, tukishafuta shtaka ni mtu huru, afunguliwe mlango. Akafunguliwa, akafika Dar, polisi wetu wakamkamata palepale, maana Rwanda nayo ilishaandika barua ya kumtaka.

Sasa mahakama ya hapa Dar ikabaki na kiazi cha moto. Rwanda inamtaka, Ubelgiji inamtaka, Umoja wa Mataifa umeshanawa mikono. Kesi ya kumrudisha ilikwenda miaka. Mwisho Rwanda ikakataliwa, na Machi 2004 akapanda ndege kwenda Ubelgiji kwa hiari yake. Brussels wakamhukumu miaka 20 mwaka 2007. Alipomaliza, Desemba 2018, wakamrudisha wapi? Rwanda, kulekule alikopigania miaka yote asipelekwe.

Kwa hiyo kijana wa Mutukula, ukiniuliza nani anaamua, nitakwambia anaamua yule mwenye ufunguo wa mlango siku hiyo.

#16 Bibi Kizee Mjanja
Shikamoo Mzee wa Kisutu. Huu sasa ndio uzi.

#17 Eldo_Mtaa wa Saba
Wakenya tumefika, tulichelewa kwa sababu ya stima.

Sisi tulipewa nafasi ya kujifanyia wenyewe tukaichezea. Baada ya vita vya uchaguzi 2007/08, watu 1,133 wamekufa, Tume ya Jaji Waki ikapendekeza mahakama maalum hapahapa Kenya. Majina ya washukiwa yakatiwa kwenye bahasha, akapewa Kofi Annan ashike: mkishindwa, inaenda Hague. Februari 2009 mswada ukaangushwa bungeni. Wabunge wengine waliukataa kwa sababu hawakuamini mahakama zetu, wengine kwa sababu walidhani Hague ni mbali, itachukua miaka mia. Julai 2009 Annan akaitoa bahasha. Ikawa Ocampo Sita, yaani washukiwa sita wa mwendesha mashtaka Ocampo.

Halafu 2011, majina yakiwa yameshatoka, serikali ileile ikakimbia Hague kusema ooh, turudishieni, tuna katiba mpya, tutawashtaki wenyewe. Majaji wakauliza: mnamchunguza nani hasa? Tuonesheni faili la mtu huyuhuyu kwa mambo hayahaya. Faili hakuna. Wakakataliwa Mei, wakakataliwa tena kwenye rufaa Agosti.

Mimi mwenyewe nyumba yetu ilichomwa. Baba aliandikisha taarifa kwenye kituo kimoja cha polisi, mara tatu, kila akirudi anaambiwa afisa aliyekuwa na faili amehamishwa. Mara ya nne alikuta chumba chenyewe kimegeuzwa stoo ya mahindi. Kwa hiyo mtu akiniambia mahakama za nyumbani ndizo kwanza, huwa nawaza yale mahindi.

#18 Saa Sita Kamili
Pole sana ndugu. Ila kwa usahihi wa uzi: Kenya haikuwa uhalifu wa kivita. Mashtaka yalikuwa uhalifu dhidi ya binadamu, ambao hauhitaji vita. Mleta uzi ameuliza ya kivita.

#19 Eldo_Mtaa wa Saba
Sawa mwalimu. Nitamwambia baba nyumba yake ilichomwa na kosa lingine.

#20 Saa Sita Kamili
Sikumaanisha hivyo. Radhi.

#21 Mzigo_Mutukula
Haina noma wakuu, zote zimo. @Eldo na mwisho wake ulikuwaje? Hapa kwetu watu wanasema walishinda.

#22 Eldo_Mtaa wa Saba
Kati ya sita, wanne ndio mashtaka yao yalithibitishwa Januari 2012. Ya Muthaura yakaondolewa 2013, ya Uhuru Desemba 2014, mwendesha mashtaka akisema ushahidi hautoshi. Ya Ruto na Sang majaji walisimamisha Aprili 2016, bila kusema hawana hatia. Mlango uliachwa wazi kwamba wanaweza kushtakiwa upya. Kuna wanaosema kesi ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kuna wanaosema mashahidi walitishwa na kununuliwa. Chagua yako. Huku nyumbani wakubwa hakuna aliyeguswa, kwa hiyo tulikosa huku tukakosa kule.

#23 Furaha_Bukavu
Jambo bandugu. Miye niko Bukavu, musinicheke juu ya Kiswahili yangu, ni ya kwetu.

Sisi Congo tulipata zote mbili. Rais Kabila aliita Hague mwaka 2004. Wakachukua Lubanga, mukubwa wa wanamgambo wa Ituri. Munajua Lubanga alikuwa tayari ndani ya gereza Kinshasa? Alikamatwa 2005, kwa makosa makubwa-makubwa. Hague wakasema: ndiyo, lakini kwenye karatasi za Kinshasa hamuna kosa la kuingiza watoto ndani ya jeshi, basi hii kesi ni yetu. Wakamupeleka 2006, wakamushitaki juu ya watoto peke yake. Ubakaji, hapana. Vijiji vilivyochomwa, hapana. 2012 wakamupa miaka 14. Batu ya Bunia walishangaa.

Kazi kubwa huku inafanywa na tribinali za jeshi. Wanatembea mpaka kijijini, tunaita odiansi foreni. Niliingia moja, kijiji sitataja. Ni sale ya parokia, benchi za shule, majaji na magwanda ya kijeshi. Mama mwenye kutoa ushahidi akaletwa amefunikwa kitambaa cheusi toka kichwa mpaka chini ya magoti, ili asijulikane. Basi batu wote wakaangalia viatu vyake. Ni kijiji, kila mutu anajua viatu vya mwenzake. Kesho yake zile viatu hazikuonekana tena, alivaa sandali mupya ya kuazima.

Kuna siku inafanya vizuri: Kavumu, Desemba 2017, depite (mbunge) Batumike na wanamgambo wake walipewa maisha juu ya ubakaji wa watoto wadogo. Kuna siku inaleta aibu: Minova, 2014, askari 39 wameshitakiwa, kwa ubakaji wakapatikana na kosa wawili tu.

#24 Nyakato wa Kansanga
Asante sana Furaha. Viatu... nimeishiwa maneno.

Swali: hizo mahakama za jeshi zilikuwa zinatumia sheria gani, maana Congo ilichelewa kuingiza Mkataba wa Roma kwenye sheria zake?

#25 Furaha_Bukavu
Walikuwa wanatumia Mkataba wa Roma moja kwa moja! Katiba yetu inaruhusu, mkataba ukiridhiwa uko juu ya sheria ya nchi. Sheria yenyewe ilikuja mwisho wa 2015. Na mwaka 2013 mahakama ya kiraia nayo ikapewa ruhusa, lakini kesi nyingi zinabaki kwa jeshi.

Na ujue, inaweza kugeuka nyuma-mbele. Germain Katanga, kamanda mwingine wa Ituri, alimaliza kifungo cha Hague ndani ya gereza ya Kinshasa, Januari 2016. Siku ya kutoka hakutoka: Congo ikasema tuna makosa mengine ya kwetu. Hague ikaulizwa, ikaruhusu.

#26 Dalali Mstaafu
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Ni suala la pesa na cheo tu. Papa anakwenda Hague, dagaa anabaki nyumbani. Kesi moja ya Hague inakula mamilioni ya yuro, huwezi kumpelekea kila kuruta.

#27 Bibi Kizee Mjanja
Dalali, Bosco Ntaganda, yule jenerali wa waasi wa Congo, alikuwa papa au dagaa? Maana yule alijipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani Kigali, Machi 2013, akaomba apelekwe Hague. Papa gani anaomba lifti?

#28 Dalali Mstaafu
Papa aliyeona wavuvi wa nyumbani wana hasira zaidi. Alijua Hague hakuna kunyongwa. Akala 30, yuko hai.

#29 Ukweli Mchungu
Semeni ukweli, hiyo ni mahakama ya Waafrika. Uganda, Congo, Kenya, Sudan, Ivory Coast. Mzungu gani mmemwona kizimbani?

#30 WakiliPori
Hoja ya zamani hii. Uganda, Congo, Afrika ya Kati na Mali zilijipeleka zenyewe. Hati ya Putin ilitoka Machi 2023, ya Netanyahu Novemba 2024, Duterte wa Ufilipino alikamatwa Machi 2025.

#31 Ukweli Mchungu
Hati ni karatasi. Nimeuliza kizimbani. Duterte si mzungu.

#32 WakiliPori
Hapo umenishika.

#33 Nyakato wa Kansanga
Na hata hiyo "kujipeleka" si usafi. Museveni alipeleka "suala la LRA". Hague ikasema tutaangalia pande zote, lakini hakuna afisa wa UPDF aliyepata hati. Serikali inaipa mahakama ya kimataifa adui zake na kubaki na askari wake yenyewe. Huo ndio mgawanyo wa kazi tuliouona sisi.

#34 Mkunazini
Kuna njia ya tatu hamjaigusa. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alihukumiwa Dakar, Mei 2016, kifungo cha maisha, na Vyumba Maalum vya Afrika, vilivyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Si Hague, na si Chad. Wahanga waliipigania zaidi ya miaka ishirini.

Na kuna nchi zilizoishinda Hague kwa hoja. Libya ilimtaka al-Senussi, mkuu wa ujasusi wa Gaddafi. 2013 majaji wa Hague wakasema sawa, baki naye. Saif al-Islam, mtoto wa Gaddafi, nchi ileile, wakakataa, kwa sababu alikuwa mikononi mwa wanamgambo wa Zintan na Tripoli haikuweza hata kumtoa.

Guinea nayo: mauaji ya uwanjani Conakry, 28 Septemba 2009. Kesi ikaanza siku ileile ya kumbukumbu mwaka 2022, na wakati huohuo mwendesha mashtaka wa Hague akafunga jalada lake, kwamba nyumbani wanaweza. Julai 2024 Dadis Camara, mtawala wa kijeshi wa wakati ule, akapewa miaka 20.

#35 Eldo_Mtaa wa Saba
Malizia mkuu. Machi 2025 rais wa kijeshi akampa msamaha, akatoka.

#36 Mkunazini
Ndiyo. Nilikuwa naogopa utasema.

#37 Kaka wa Stuttgart
Habari za jioni. Nipo Ujerumani, kesi moja ilifanyika mtaa wa pili na ninapofanya kazi.

FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, walikuwa na wakubwa watatu wanaoishi Ulaya huku jeshi lao liko Kivu. Callixte Mbarushimana, katibu, alikamatwa Paris 2010, akapelekwa Hague. Desemba 2011 majaji wakakataa kuthibitisha mashtaka, akaachiwa. Ignace Murwanashyaka, rais wao, na makamu wake Straton Musoni walikamatwa na Wajerumani, chini ya sheria ya hapa ya 2002 inayoruhusu kushtaki uhalifu wa kivita popote ulipotendeka. Wakasikilizwa Stuttgart siku 320, kuanzia 2011 mpaka Septemba 2015. Miaka 13 na miaka 8.

Mnaona? Kundi lilelile, vijiji vilevile. Mahakama kubwa ikashindwa, ya mkoa ikaweza. Ingawa nayo hukumu ya Murwanashyaka ilitenguliwa 2018 irudiwe, akafa 2019 kabla haijarudiwa. Mashahidi wa Congo walihojiwa kwa njia ya video, majina yamefichwa. Ukumbi mara nyingi ulikuwa na watu wanne, mmoja wao ni mimi nimekimbia baridi.

#38 Furaha_Bukavu
Kaka, huku kijijini hakuna aliyejua kama kesi hiyo iko.

#39 Mzigo_Mutukula
Wakuu nimesoma zote, nimechanganyikiwa vizuri. Turudi kwenye kreti yangu. Miaka 25 Hague, miaka 40 Gulu. Dereva ananidai.

#40 Nyakato wa Kansanga
Subiri usilipe. Ile 40 ya Kwoyelo mahakama ilitoa miaka 15 aliyokaa rumande. Anatumikia 25.

#41 Mzigo_Mutukula
Weeee! Kwa hiyo 25 kwa 25?

#42 Saa Sita Kamili
Hapana. Ya Ongwen inahesabiwa tangu Januari 2015 alipokamatwa, atamaliza 2040. Kwoyelo ameanza kuhesabu 25 zake 2024, piga hesabu mwenyewe. Na jumla aliyokaa ndani itakuwa 40 kwelikweli.

#43 Dalali Mstaafu
Na Ongwen yuko jela Norwei tangu Desemba 2023. Wengine tumelipa karo watoto wakasome mahali pabaya kuliko jela ya Norwei.

#44 Kaka wa Stuttgart
Dalali, baridi ya huku huijui. Na nani wa kumtembelea huku? Mwacholi peke yake kwenye theluji, huenda hata wa kumsalimia kwa lugha yake hana.

#45 Nyakato wa Kansanga
Wahanga je? Kwa Ongwen, Februari 2024 Hague iliamuru fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa wahanga karibu 50,000; yeye hana kitu, mfuko wa wahanga unatakiwa utafute. Kwa Kwoyelo, Desemba 2024 jaji aliiambia serikali ya Uganda ilipe, hadi shilingi milioni kumi kwa kila mhanga. Kwenye fidia pia mnaweza kuwekeana soda, maana pesa yenyewe mtasubiri nayo.

#46 Chakubanga Jr
Kony mwenyewe sasa? Nani ana haki naye?

#47 WakiliPori
Hati ya Hague ya 2005 ipo palepale. Septemba 2025 walisikiliza uthibitisho wa mashtaka bila yeye kuwepo, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo, na Novemba wakathibitisha yote 39. Ila kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka apatikane. Uganda ikimkamata kwanza na ikataka kumshtaki Gulu, inaweza kwenda Hague kuomba, kama Libya.

#48 Mzee wa Kisutu
Na akikamatwa akiwa anapita kwetu, msije mkaniuliza. Nimestaafu.

#49 Mzigo_Mutukula
Dereva nimemtumia uzi huu. Kajibu kwa sauti, dakika nne, anacheka. Anasema hesabu ya @Saa Sita Kamili ndiyo yake, Kwoyelo kaumia zaidi, kreti ilipwe. Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungechagua wapi? Akanyamaza kidogo, nikasikia honi za malori, akasema Gulu.

Sasa nani analipa?

#50 Bibi Kizee Mjanja
Mlete huku hiyo kreti, iamuliwe mahakama ya tatu.